Amana ya Siri: Kutoka Barua ya Manamba hadi Simu ya Kiganjani katika Nchi ya Njombe

Mtu anayetaka kujua jinsi siri za watu zilivyohifadhiwa katika nchi ya Njombe kabla ya kuja simu hana budi kuanza na barua, na anayeanza na barua hana budi kuanza na msomaji wake, kwa maana kwa miaka mingi barua iliyofika kwa Wabena, Wakinga na Wapangwa ilikuwa na wenyewe watatu: aliyeituma, aliyetumiwa, na yule mmoja kijijini aliyejua kusoma. Elimu hiyo iliingia nyanda zile za baridi pamoja na wamisionari wa Kilutheri wa Berlin, waliofungua kituo cha Kidugala mwishoni mwa karne ya 19, na ijapokuwa vita vya Maji Maji vilikifikia kituo chao cha Yakobi, karibu na Njombe, mwaka 1905, shule zao zilirudi na kuenea baada ya vita, zikatoa walimu na makatekista ambao, juu ya kufundisha dini na hesabu, walitwikwa kazi ambayo haikuandikwa katika mkataba wa mtu yeyote, nayo ni kuwa macho ya jirani zao.

Kazi hiyo ilikuwa nzito kwa sababu nchi ile ilikuwa nchi ya wasafiri. Wanaume wa Njombe, waliotakiwa kulipa kodi kwa fedha taslimu katika wilaya ambayo mazao ya kuuza yalikuwa haba, walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, katika miaka ya 1930, na wengi zaidi wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Na tangu mwaka 1944, wenye mashamba walipounda ofisi yao ya kuajiri iliyojulikana kwa jina la SILABU, manamba, yaani vibarua wa mikataba, walisafirishwa kwa mafungu, wakiwa na mikataba waliyotia dole gumba, wakakaa mbali na kwao mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Hata Kampuni ya Miwati ya Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1949 na kutoa kazi palepale Njombe, safari za pwani hazikukoma. Hivyo baina ya mke aliyebaki Uwemba au Lupembe na mume aliyekuwa Korogwe palikuwa na karatasi moja tu, na ndani ya karatasi hiyo mlikuwa na mambo yote ambayo mume na mke husemezana usiku: fedha iliyotumwa ikapungua njiani, ugonjwa, mashaka ya ndoa, ng'ombe wa mahari aliyeuzwa na shemeji bila ruhusa. Mwalimu aliyasoma hayo kwa sauti ya chini, akaandika majibu kama alivyoagizwa, akaikunja karatasi, kisha akakutana na mwenye barua kanisani na sokoni kana kwamba hajui neno.

Nataka nikae kidogo juu ya mtu huyu, kwa sababu ndiye kipimo cha yote yatakayofuata. Hakuapishwa, wala sheria haikumtaja, na malipo yake aghalabu yalikuwa shukrani. Kilichoilinda siri mikononi mwake kilikuwa uchache wake, maana maadam yeye peke yake ndiye aliyeisoma barua, neno likitoka nje hapakuwa na haja ya shahidi wala baraza ili kujua limetoka kwa nani. Na msomaji aliyefanya khiyana hakupelekewa tena bahasha na mtu yeyote, jambo ambalo katika kijiji ni adhabu kubwa kuliko faini. Mwanamke asiyejua kusoma hakuwa na uwezo wa kujifungia na jambo lake peke yake, lakini alijua kwa yakini amemkabidhi nani, na mlango wa mtu huyo aliujua.

Wakati uleule ilikuwako karatasi ya namna nyingine. Kazi ya mkonge ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi ambazo mfanyakazi alitakiwa kuzitimiza katika muda wa siku 42, na pamoja na kadi hiyo alitembea na stakabadhi ya kodi, ambayo akiulizwa njiani akaikosa alikuwa mashakani. Katika Kenya jirani kipande kilikuwa kikali zaidi: baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kazi alishurutishwa kukichukua, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, kikiwa na alama za vidole vyake na habari za waajiri wake na ujira wake. Barua ilimtumikia mwenyewe; kipande kilimtumikia aliyekidai. Mwenye kipande alibeba mwilini mwake habari zake zilizoandikwa na mwingine, kwa lugha ambayo pengine hakuijua, kwa haja ambayo hakuulizwa, na kila aliyekuwa na mamlaka juu yake aliweza kuzisoma isipokuwa yeye. Naomba msomaji aziweke karatasi hizi mbili upande kwa upande, kwa sababu simu ya leo imezikusanya zote mbili katika kitu kimoja.

Posta ilikuja kuitia amana ile katika sheria. Mifuko ya barua ilipanda kutoka Dodoma na Iringa katika magari ya Idara ya Reli, na aliyefungua barua isiyo yake, akiwa karani au mpita njia, alihesabiwa kuwa amefanya jinai. Lakini posta yetu haikuwa ya kupeleka barua nyumba kwa nyumba kama ya Ulaya. Ilikuwa ya masanduku, na masanduku yalikuwa machache, kwa hiyo mamia ya watu walipata barua zao kwa S.L.P. ya misheni, ya shule, au ya chama cha ushirika, na majina yao yalitangazwa baada ya ibada ya Jumapili, mbele ya watu wote. Kila mtu alijua nani ameandikiwa, na kwa muhuri wa bahasha alijua ameandikiwa kutoka wapi, ijapokuwa hakujua ameandikiwa nini. Simu ya maandishi nayo, iliyolipiwa kwa hesabu ya maneno, ilipita chini ya macho ya karani aliyeigonga na karani aliyeipokea, na ndiyo maana watu walijifunza kuandika maneno matatu au manne ambayo wa nyumbani peke yao wangeyaelewa. Na ile ya kuzungumza kwa mdomo ilipita kwa opereta, ambaye alikuwa na uwezo wa kusikiliza mazungumzo yote kama angetaka. Kazi hiyo yote ya posta na simu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ikaingia mikononi mwa Shirika la Posta na Simu la Tanzania, hadi mwaka 1994 lilipogawanywa, posta ikaenda kwake na simu kwake.

Mji wa Makambako, katika nchi hiyohiyo ya Njombe, una historia yake nyingine, kwa sababu umekuwa mji wa wageni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Uchina tangu mwaka 1970, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilipitishwa hapo penye makutano ya barabara kuu ya Zambia na njia ya kushukia Njombe na Songea. Na njia hiyo ya Songea ilipotiwa lami katika miaka ya 1980, ile njia panda ikawa kituo cha malori, mabasi, mahindi, mbao na viazi. Mahali penye watu wanaolala usiku mmoja na kuondoka, ule ulinzi wa uchache hauwezi kufanya kazi. Nyumba za kulala wageni zikawa na kitabu kikubwa mezani, ambamo kila aingiaye huandika jina lake, kabila lake, anakotoka, anakokwenda na kazi yake, na huyo anayeandika mstari wa kumi hana kizuizi cha kusoma mistari tisa iliyo juu yake. Sijapata kusikia kwamba mtu alilalamikia kitabu hicho. Kiliwekwa kwa ajili ya usalama, na dereva aliyechoka aliandika akalala. Lakini ndicho kilichowazoesha watu wa mji kumwachia karani asiyejulikana habari zao, zikakaa wazi juu ya meza, bila kuuliza zitakaa hapo mpaka lini.

Simu za mkononi zilipoenea nchini baada ya mwaka 2000, ziliikuta desturi ya barua na desturi ya kitabu cha wageni zote zi hai, zikazirithi. Katika vijiji visivyo na umeme simu iliachwa kutwa nzima kwa mwenye kibanda cha kuchaji, imerundikwa pamoja na simu nyingine kumi na tano, zimefungwa vikaratasi vya majina, na ujumbe wote wa ndani umo humo. Mwezi wa Aprili mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, huduma ya M-Pesa, ya kutumiana fedha kwa simu kupitia mawakala, ilifika Tanzania, na mwana aliye Dar es Salaam hakuhitaji tena kumpa dereva wa basi bahasha ya fedha za mama yake. Heri hiyo ni kubwa, na yeyote anayeandika juu ya simu bila kuikiri haijui shida iliyokuwako. Lakini juu ya kaunta ya wakala likawekwa daftari, la jina, namba ya simu, kiasi cha fedha na sahihi, na aliyesimama foleni nyuma alilisoma kama alivyokisoma kitabu cha wageni. Mzee asiyeona vizuri alimpa wakala simu yenyewe, akamtajia namba ya siri kwa sauti, kwa imani ileile aliyokuwa nayo mama yake kwa mwalimu wa misheni. Imani ile ilikuwa na msingi wakati wakala ni mtoto wa jirani. Katika stendi ya Makambako wakala hubadilika kila baada ya miezi michache, na mwaka ukigeuka hakuna ajuaye aliyekuwa hapo amehamia wapi wala daftari lake limekwenda wapi.

Kisha ikaja zamu ya kipande. Usajili wa laini ulianza mwaka 2009, ukapewa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na tarehe 1 Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole, uliofungamanishwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Muda ulipangwa kwisha na mwaka huo, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Watu walipanga foleni katika ofisi za NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, kupata namba zao, kisha wakapanga foleni chini ya miavuli ya mawakala wenye vifaa vidogo vya kusoma vidole. Haja ya Serikali ilieleweka, kwa kuwa matapeli walikuwa wakijificha katika laini zisizo na mwenyewe, na ule ujumbe wa kumtaka mtu atume pesa kwenye namba nyingine ulikuwa umekwisha kuwatia hasara wajane na wakulima wengi. Lakini namba ile yenye tarakimu 20 huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hata anayeinakili kwa haraka amekwisha kujua umri wa mtu. Na wako mawakala waovu waliomwambia mteja kwamba kidole hakikusomeka, abonyeze tena, na katika kubonyeza huko mara ya pili wakasajili laini nyingine kwa jina lake, wakaiuza kwa tapeli. Hivyo usajili uliowekwa ili kumfichua mwizi ulitumika pengine kumvika mwizi jina la mtu mwema. Nalihesabu hili kuwa dhulma kubwa, kwa sababu aliyeibiwa jina hakuzembea: alitii sheria.

Simu janja imeongeza jambo ambalo halikuwako katika barua, wala katika kipande, wala katika daftari. Barua ilisema kile ulichotaka kusema, na kipande kilisema kile mwajiri alichotaka kijulikane. Simu janja husema na yale ambayo hakuna aliyeyasema. Inajua ulipo, kwa setelaiti na kwa minara. Ina kamera na maikrofoni. Inashika orodha ya watu wote unaowafahamu. Na kila programu inayowekwa ndani yake huweza kuomba ruhusa ya kuvifikia vitu hivyo. Ilikuwa mwaka 2015 ndipo simu za Android zilipoanza kuomba ruhusa hizo moja moja wakati wa matumizi, badala ya kuzidai zote kwa pamoja wakati wa kupakua, na miaka mitano baadaye zikaruhusu idhini ya mara moja tu. Kisha kikaja kile kitone cha kijani kinachowaka juu ya kioo wakati kamera au maikrofoni inapotumika. Hizi ni hatua njema, na ningependa kila mwenye simu azijue. Lakini muuza parachichi wa Njombe anayenunua simu ya bei nafuu, au iliyokwisha kutumiwa na mwingine, mara nyingi hupata mfumo wa zamani usio na hatua hizo, na masharti ya programu huja kwa maelezo marefu ya Kiingereza ambayo hata mwanasheria angeyaruka, naye ana mzigo unaoharibika na mnunuzi anayesubiri picha yake. Anabonyeza kukubali. Ridhaa ya namna hiyo ni sawa na dole gumba la manamba juu ya mkataba asioweza kuusoma.

Matunda ya ridhaa hiyo yalionekana wazi katika mikopo ya mtandaoni. Mtu alipakua programu, akapata fedha kidogo kwa dakika chache, na pamoja na fedha hizo akawa ameitoa orodha yake yote ya majina. Alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha ulipelekwa kwa mkwe wake, kwa mchungaji wake, kwa mwalimu wa mtoto wake, watu ambao hawakukopa wala kumdhamini. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Katika desturi zetu deni lilidaiwa kwa sitara, faraghani, na aliyedai hadharani alilaumiwa kuliko aliyedaiwa. Programu hizo ziliipindua adabu hiyo zikaifanya aibu kuwa dhamana.

Lakini kwa Njombe liko jambo zito kuliko deni. Mkoa huu, uliotengwa na Iringa mwaka 2012, una kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kilicho juu kuliko mikoa yote ya Tanzania: utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Makumi ya maelfu ya watu, basi, wanaishi kwa dawa, na dawa zimewapa maisha marefu, na maisha hayo yamejengwa juu ya siri. Wako wanaopita zahanati iliyo karibu na nyumbani wakapanda gari kwenda kliniki ya mbali, ili wasikutane na jirani katika benchi la kusubiri. Nauli hiyo ndiyo bei wanayolipa kwa faragha yao, na wanailipa kila wanapofuata dawa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamfunga mhudumu asitoe siri ya mgonjwa, na wahudumu wengi wameishika amana hiyo kwa uaminifu unaostahili heshima. Simu iliyo mfukoni mwa mgonjwa haikufungwa na kiapo hicho. Ujumbe wa kukumbusha tarehe ya dawa huonekana juu ya kioo mbele ya yeyote aliyeshika simu. Picha ya kadi ya kliniki hukaa pamoja na picha za harusi. Na programu inayofuatilia mahali mtu alipo inaweza kuonyesha kwamba kila baada ya muda fulani mtu huyu amekaa asubuhi nzima katika jengo lilelile. Mwalimu wa misheni aliyejua siri ya namna hii alikuwa mmoja, na alijua uzito wake. Sasa siri hiyo inaweza kukaa katika tarakilishi za kampuni iliyo bara jingine, ambayo haijui Njombe iko wapi.

Katiba yetu haikulisahau jambo hili. Haki za binadamu zilipoingizwa ndani yake mwaka 1984, ibara ya 16 ilimpa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Lakini haki hiyo ilikaa karibu miaka arobaini bila sheria mahususi ya kuitekeleza juu ya taarifa za watu. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019. Sisi tulipata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa ajisajili, aseme anazikusanya kwa haja gani, asizitumie kwa haja nyingine. Na inampa mwenye taarifa haki ya kuziona, kuzisahihisha, na kushtaki kwa Tume pale zinapotumiwa vibaya. Afya imewekwa katika taarifa zenye ulinzi wa ziada. Kwa maoni yangu hili ndilo jaribio la kwanza la dhati la kumrudishia mwananchi kile alichokuwa nacho mwanamke wa Lupembe: kumjua aliyekabidhiwa siri, na kuwa na mlango wa kuugonga.

Lakini mlango huo hauna budi kuwa karibu. Tume ikibaki katika ofisi za miji mikubwa, na ilani zake zikasomwa na mabenki na makampuni peke yao, mwenye kibanda cha Makambako hatajua kwamba daftari lake la wazi ni jambo la kisheria, wala mteja wake hatajua kwamba ana haki ya kukataa jina lake lisomwe na foleni nzima. Naisihi Tume ije stendi, ije mnadani, ije katika mikutano ya vijiji, iseme kwa Kiswahili chepesi. Na kampuni za simu zifanye vivyo hivyo kwa mawakala wao. Nawe msomaji, uwe Njombe, Makambako au kwingineko, usingoje wafike. Fungua mipangilio ya simu yako uone ni programu gani zimeruhusiwa kujua ulipo na kusoma majina ya watu wako, uziondolee zile zisizohitaji. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwa namba 15040. Kisha piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiikuta namba usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma wa laini hiyo ukaikane mpaka ifungwe.